Data za Utafiti kama Amana: Swali la Kimaadili kutoka Nyanda za Kati

Swali la nani mwenye haki juu ya data za utafiti kwa kawaida huachiwa wanasheria na wasimamizi wa fedha za utafiti, ambao huliuliza kwa lugha ya miliki: nani amezikusanya, nani amezigharimia, na nani ana mamlaka ya kuzitoa. Lugha hiyo ina manufaa yake, lakini hailigusi jambo lililo la msingi zaidi, nalo ni iwapo mtu anaweza kabisa kuwa mmiliki wa kipimo cha mvua iliyonyesha juu ya ardhi ya wote, au wa hesabu ya ndege waliotua kwenye bwawa ambalo hakulichimba. Makala haya yanashikilia kwamba data za sayansi za viumbe na mazingira hueleweka vizuri zaidi zikichukuliwa kuwa amana, yaani kitu ambacho mtu amekabidhiwa akitunze kwa ajili ya mwingine, na kwamba mtazamo huo, ukifuatwa hadi mwisho wake, hauwaridhishi kikamilifu wanaotaka kila kitu kiwekwe wazi wala wanaotaka kukifungia kabatini.

Kwa seti ya data kunakusudiwa hapa mkusanyiko wa vipimo vilivyochukuliwa kwa utaratibu mmoja na kuandikwa katika majedwali, kabla havijageuzwa kuwa wastani, michoro na hitimisho. Tofauti hiyo ni muhimu, kwa sababu tasnifu inayowekwa kwenye maktaba ya chuo kikuu ikiwa na jalada gumu na mhuri wa idara kwa kawaida huwa na wastani tu, huku vipimo vyenyewe vikibaki katika kompyuta ya mwanafunzi, ambayo huharibika au kuuzwa baada ya mahafali. Hata majedwali yanapookolewa, mara nyingi hayasomeki. Safu yenye kichwa cha herufi mbili na tarakimu moja, iliyojaa namba za kina cha maji kisimani, haina maana yoyote kwa msomaji asiyejua kama namba hizo ni futi au mita, na kama kina kilipimwa kuanzia usawa wa ardhi au kuanzia mdomo wa bomba uliochomoza juu ya ardhi. Maelezo hayo madogo, ambayo wataalamu huyaita metadata, yaani taarifa zinazoeleza data, ndiyo yanayoitenganisha kumbukumbu na rundo la tarakimu. Na yeye ayajuaye kichwani asiyaandike huwa ameifunga data kwa kufuli ambalo ufunguo wake atazikwa nao.

Mfano ulio wazi zaidi wa kile kinachowezekana kumbukumbu inapotunzwa uko Makutupora, kaskazini mwa jiji la Dodoma, ambako visima virefu vimeulisha mji huo maji kwa miongo mingi. Nyanda za kati za Tanzania ni nchi kame yenye msimu mmoja wa mvua, kuanzia takriban Desemba hadi Aprili, na maji ya juu ya ardhi hukauka upesi, hivyo uhai wa mji umetegemea maji yaliyohifadhiwa katika miamba chini ya ardhi. Kina cha maji hayo kilipimwa na watumishi wa idara za maji tangu miaka ya 1950, kazi isiyo na sifa yoyote, kwani anayeteremsha kamba ya kupimia kisimani mwezi huu huona karibu kile kile alichokiona mwezi uliopita. Mwaka 2013 kumbukumbu ya miaka 55 ya vipimo hivyo ilichambuliwa katika jarida la Nature Climate Change na jopo lililoongozwa na Richard Taylor wa University College London, ambamo walikuwamo pia Watanzania Lister Kongola, Emmanuel Nahozya na Hosea Sanga, na matokeo yake yalibadilisha namna ya kuufikiria ukame wa eneo hilo.

Ilibainika kwamba hifadhi ya Makutupora haijazwi na mvua ya kila mwaka. Kwa miaka kadhaa mfululizo maji hushuka taratibu, mvua za kawaida zikinywewa na udongo na mimea kabla hazijafika chini, kisha huja msimu mmoja wa mvua nzito isiyo ya kawaida, kama ule wa 1997/98 ulioandamana na El Niño, yaani hali ya kupata joto kwa maji ya Bahari ya Pasifiki ambayo huvuruga majira ya mvua hata Afrika Mashariki, na kiwango cha maji hupanda kwa ghafla. Mvua ile ile iliyosomba madaraja na kuharibu mashamba ndiyo iliyoujazia mji maji ya miaka iliyofuata. Miaka sita baadaye kumbukumbu hiyo iliunganishwa na nyingine za aina yake kutoka nchi tisa za Afrika kusini mwa Sahara katika utafiti uliochapishwa na jarida la Nature, na hapo ndipo ilipowezekana kuuliza kama tabia ya Makutupora ni ya pale tu au ya maeneo makame kwa ujumla. Hakuna kumbukumbu moja ambayo ingeweza kulijibu swali hilo peke yake.

Lililo la kifalsafa katika kisa hiki ni urefu wa muda. Tukio linalokuja mara chache katika kizazi haliwezi kuonekana na mtafiti mmoja, hata awe hodari namna gani, kwa kuwa mradi wake ni wa miaka mitatu na utumishi wake ni wa miaka thelathini. Kwa hiyo ujuzi wa Makutupora haukuwa wa mtu yeyote aliyepima, wala wa aliyechambua. Ulipatikana tu kwa sababu kila mmoja alikabidhi alichokuwa nacho kwa mtu ambaye pengine hakuwahi kumfahamu. Hoja ya miliki inashindwa hapa kwa namna ya pekee: jasho la mtu linaweza kumpa haki juu ya kile alichokizalisha, lakini hakuna jasho la mtu mmoja lililozalisha miaka 55.

Mila mbili za dini zinazoishi pamoja Dodoma zina fikra iliyo tayari kwa hali ya namna hii. Katika Uislamu, amana ni dhana inayobeba zaidi ya mali: Kurani inaamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe, na wanazuoni wameihesabu elimu kuwa miongoni mwa amana, wakiona kwamba kuificha elimu iliyoulizwa ni dhambi na kwamba elimu yenye manufaa humpatia aliyeiacha thawabu baada ya kufa kwake, sawa na kisima kilichotolewa wakfu. Katika Ukristo, dhana iliyo jirani ni uwakili, yaani wajibu wa mtunzaji wa mali isiyo yake, na mfano wa talanta katika Injili ya Mathayo una jambo ambalo wahubiri hulipita haraka: mtumishi aliyehukumiwa hakuiba chochote. Aliichimbia talanta ardhini, akairudisha ikiwa kamili, na bado akaitwa mwovu na mlegevu. Mtafiti anayezikalia data zake kwa miaka kumi, akijitetea kwamba hajadanganya wala hajaharibu, yuko katika nafasi ya mtumishi yule, isipokuwa kwamba talanta ya fedha haiozi ardhini ilhali faili la kompyuta huoza.

Hata hivyo, mafundisho hayo yakichukuliwa juu juu huleta haraka isiyofaa, kana kwamba kutoa ndiyo wema wenyewe. Desturi ya wafugaji wa Kigogo wa nyanda za kati inasaidia kulisahihisha hilo. Peter Rigby, mwanaanthropolojia aliyechapisha mwaka 1969 kitabu juu ya ng'ombe na ujamaa wa kidamu miongoni mwa Wagogo, alieleza jinsi mwenye mifugo anavyowakabidhi ndugu na marafiki wa sehemu za mbali baadhi ya ng'ombe wake, ili ukame au maradhi yakiingia upande mmoja yasilimalize zizi lote. Mtunzaji hunywa maziwa na kutumia samadi, kwa kuwa ulinzi wake una gharama. Lakini ng'ombe hana budi kujulikana ni wa nani, na atakapozaa, ndama si wa mtunzaji. Data hutofautiana na ng'ombe kwa kuwa anayeitoa habaki na upungufu, na hivyo udhuru wa kuizuia ni mdogo zaidi. Ila masharti ya desturi hiyo yanabaki na maana yake, kwamba mtunzaji ana haki ya maziwa na kwamba mwenye mali hasahauliki.

Haki ya maziwa ndiyo inayopuuzwa na watetezi wengi wa sayansi huria, yaani msimamo kwamba data na matokeo ya utafiti vipatikane kwa wote bila malipo, uliopewa nguvu na mapendekezo ya UNESCO ya Novemba 2021. Mhadhiri wa chuo kikuu nyanda za kati, anayezunguka vijijini kwa pikipiki kukusanya sampuli za udongo huku akifundisha madarasa yenye mamia ya wanafunzi, anapotakiwa kuziweka data zake hadharani siku ile ile zinapokamilika, anaombwa kwa kweli kumpatia mchambuzi wa ng'ambo, mwenye kompyuta kubwa na wasaidizi, nafasi ya kuandika makala kabla yake. Woga wake hauwezi kuitwa uchoyo. Muda wa zuio, yaani kipindi maalumu ambacho mkusanyaji hupewa azitumie data kwanza kabla hazijafunguliwa, ni jibu la haki, mradi muda huo uwe na mwisho unaojulikana. Zuio lisilo na mwisho humgeuza mtunzaji kuwa mwenye zizi.

Sharti la pili, la kutomsahau mwenye mali, ni gumu zaidi, na hapa nyanda za kati zina mafunzo machungu. Tangu miaka ya 1930, wakati R. R. Staples alipopima katika vishamba vya majaribio Mpwapwa kiasi cha maji na udongo kinachochukuliwa na mvua, hadi kazi za Anders Rapp na wenzake kuhusu mabwawa yaliyojaa mchanga karibu na Dodoma, zilizochapishwa mwaka 1972, mmomonyoko wa eneo hili ulikuwa miongoni mwa ile iliyopimwa kwa makini barani Afrika. Mwaka uliofuata ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uliojulikana kama HADO, na mwaka 1979 mifugo yote ikaamriwa iondolewe katika eneo lililomomonyoka la Kondoa. Nyasi na miti vilirudi, jambo linalokubaliwa na wengi. Lakini gharama yake ilibebwa na familia zilizohamisha au kuuza ng'ombe, watu ambao makorongo ya ardhi yao yalikuwa yamepimwa na kujadiliwa kwa lugha wasiyoisoma. Kosa halikuwa katika vipimo, wala usiri haungewasaidia wafugaji. Lililokosekana ni kwamba kumbukumbu ya ardhi yao ilimfikia kila mtu isipokuwa wao, hivyo hawakuweza kuitumia kujitetea wala kuisahihisha.

Hali inakuwa nyeti zaidi pale kinachopimwa kinapokuwa mwili. Wasandawe wa Kondoa na Chemba, ambao lugha yao yenye sauti za kidoko imewavutia wanaisimu kwa muda mrefu, wamekuwa pia miongoni mwa jamii zilizotoa damu kwa tafiti za jenetiki, yaani elimu ya urithi wa kibaolojia, zikiwamo zile za Sarah Tishkoff wa Marekani juu ya historia ya watu wa Afrika. Data za namna hiyo zikiwekwa huria bila mpaka, mtoaji hana namna ya kujua zitatumika kwa nini. Na kwa kuwa urithi ni wa ukoo, idhini ya mtu mmoja hufichua habari za wengine ambao hawakuulizwa. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, na katika uwanja wa kimataifa kanuni zinazoitwa CARE, zilizotolewa mwaka 2019 na wawakilishi wa jamii za asili, zinadai kwamba jamii iwe na sauti juu ya matumizi ya data zake na ipate sehemu ya faida. Sheria huangalia zaidi mtu mmoja mmoja. Dhana ya amana, kinyume chake, haioni tabu kumtambua mwenye amana ambaye ni ukoo au kijiji.

Basi kipimo cha wajibu hakiwi uwazi wala usiri, bali kuuliza nani aliyeamini na aliamini nini. Kina cha maji Makutupora kilipimwa kwa fedha za umma kwa ajili ya umma, na aliyekifungia angekuwa amehini. Mahali halisi wanapopita tembo katika pori la akiba la Swagaswaga ni habari ambayo mtunzaji mwaminifu huitoa ikiwa imefifishwa, kwa kuwa jangili naye husoma. Damu ya Msandawe ilitolewa kwa kumwamini daktari aliyeketi mbele yake, na imani hiyo haihamishiki kwa mtu wa tatu kwa kubofya kitufe. Serikali nayo imo ndani ya hesabu hii: marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya mwaka 2018, yaliyofanya kuchapisha takwimu za kupinga zile rasmi kuwa kosa, yalilegezwa mwaka 2019, na ni vyema yalilegezwa, kwani mtunzaji anayekataza hesabu yake isikaguliwe hujitia katika shaka mwenyewe.

Linabaki tatizo moja ambalo mila zote mbili za dini hazina dawa yake iliyo rahisi. Aliyehini amana ya mali hutubu kwa kuirudisha, au kwa kuilipa thamani yake, au kwa kuomba msamaha wa mwenyewe. Kipimo cha msimu wa 1997/98 kama kingepotea kisingeweza kuchukuliwa tena, kwa kuwa mvua ile imepita. Thamani yake isingejulikana, kwa kuwa maana yake ilionekana miaka mingi baadaye. Na watakaoumizwa na upungufu huo, wakazi wa jiji linalozidi kukua na kuvuta maji zaidi kutoka miamba ile ile, wengi wao bado hawajazaliwa ili waombwe radhi.