Mashini ya Kusagia na Haki ya Jirani



Katika nyumba nyingi za mwambao wetu bado imo mashini ya mkono ya kusagia nyama: ile ya chuma kilichopakwa bati, inayobanwa kwa parafujo ukingoni mwa meza, yenye mkono wa kuzungusha. Pengine aliinunua nyanya, akairithi binti, na leo mjukuu ndiye anayeizungusha. Haitaki umeme wala mafuta. Hutoa kima cha sambusa na kababu, na husaga kunde za bajia zilizorowekwa. Na kwa kuwa si kila nyumba inayo, ikikaribia Ramadhani mtoto hubisha hodi kwa jirani: "Mama akusalimu, aomba umuazime mashini."

Swali tunalotaka kulitazama ni hili: mwenye mashini akikataa kuitoa, amekosa? Mali ni yake, na sharia inalinda mali ya mtu. Jirani ana haki gani katika chombo ambacho hakukichangia hata senti moja?

Sura ya 107 ya Qur'ani inaitwa Al-Maaun, nayo ina aya 7 tu. Imewalaumu watu wanaosali na huku wameghafilika na sala zao, wakafanya mambo ili waonekane, kisha wakanyima hiyo maaun. Wanazuoni wamekhitalifiana juu ya maana yake. Sayyidna Ali na Ibn Umar (r.a.) wamepokewa wakisema kuwa ni Zaka. Ibn Masud (r.a.) alisema ni vyombo ambavyo watu huazimana, kama chungu, ndoo na shoka. Ikrima, mwanafunzi wa Ibn Abbas, aliziunganisha kauli hizo: cha juu yake ni Zaka ya mali, na cha chini yake ni chekecheo, ndoo na sindano. Basi tazama, ndugu yangu, chekecheo cha jikoni kimeingia katika tafsiri ya Qur'ani! Ikiwa chekecheo kimehesabiwa, mashini ya kusagia haiwezi kuachwa nje.

Ama mafakihi wa madhehebu yetu ya Shafii, wao wanasema kuwa kumuazima mtu asili yake ni sunna, na huwa wajibu penye dharura. Mfano, mwenye kisu akaombwa na mtu ambaye mnyama wake yu karibu kufa, ili amchinje kabla hajawa mzoga. Hapo mtu atasema: "Kumbe kima cha sambusa si dharura! Nikikataa sina dhambi." Ni kweli kwamba mwenye udhuru halaumiwi. Lakini na ajiulize: kwa nini kunyima vitu vidogo kumetajwa pamoja na sala ya ria? Kwa sababu mwenye ria hutoa penye kusifiwa tu. Mchango wa msikiti husomwa mbele za watu, lakini hakuna anayesomewa jina lake kwa kuazima mashini. Jambo hili dogo lisilo na sifa ndilo linaloupima moyo. Tena nyama ya jirani ikishasagwa, mashini inarudi ni ile ile. Mwenye kunyima kitu kisichopungua hakulinda mali. Amemzuilia mwenziwe kheri tu.

Huo ni upande mmoja. Tumezoea kumsema bakhili, tukamsahau aliyeazima. Na ukichunguza utaona kuwa desturi hii njema huuliwa zaidi na mwenye kuchukua kuliko mwenye kunyima.

Katika mwaka wa 8 Hijria (630), kabla ya vita vya Hunayn, Mtume (s.a.w.) alimwomba Safwan bin Umayya deraya zake. Safwan alikuwa bado hajasilimu, akauliza kama zinachukuliwa kwa nguvu. Mtume akamjibu kuwa la, zimeazimwa, nazo zina dhamana. Aliyekuwa mshindi wa Makka alijifunga kulipa, mbele ya mtu aliyeshindwa! Kutokana na hapo Mashafii wakasema: aliyeazima hudhamini, hata kama hakufanya uzembe, isipokuwa kile kilichochakaa kwa matumizi aliyoruhusiwa. Kisu cha mashini kikipata ubutu kwa kusaga nyama, hudaiwi. Sahani ya matundu ikipotea, utalipa. Wala huna ruhusa kumpa jirani wa tatu bila ya idhini ya mwenyewe. Na mzigo wa kuirudisha ni wako. Mwenye mashini asije kubisha hodi kuifuata.

Dada yangu, mashini hii ina kisu, sahani, pete ya kukazia na mkono, na kimoja kikikosekana vilivyobaki havina kazi. Basi ifungue yote, uioshe kwa maji ya moto, uikaushe vizuri isishike kutu, uipake mafuta kidogo, uhesabu vipande, ndipo umpe mtoto airudishe. Ukiipeleka na mabaki ya nyama ndani, kesho itanuka, na mwenyewe hatakuambia kitu kwa kukustahi. Lakini atakayekuja baada yako ataambiwa, "Imeharibika." Huyo pengine ni mjane mwenye wageni, hana kosa lolote. Wewe umemfungia yeye mlango, na jirani yako umemfundisha kusema uongo.

Na wewe mwenye mashini, usikimbilie uongo huo. Sema kweli: "Iko, lakini mara ya mwisho ilirudi na upungufu, njoo usagie hapa kwangu." Hapo chombo kimehifadhika, jirani amepata haja yake, na mmekaa pamoja saa nzima. Jirani asiyekuwa Mwislamu naye ana haki yake: Abdullah bin Amr (r.a.) alipochinjiwa mbuzi nyumbani kwake, aliuliza kama jirani yao Myahudi amepelekewa. Mwambie kwa upole kuwa mashini yako ni ya nyama ya halali tu, kisha mpe.

Siku hizi wengi husagiwa nyama buchani au wana mashini za umeme, na hiyo ni neema, haikatazwi. Lakini nyumba isiyomhitaji jirani kwa lolote huwa nyepesi kumsahau. Ikiwa kwako hakibishwi hodi tena kwa mashini, kitabishwa kwa ngazi, kwa pampu ya baiskeli, au kwa sindano ile ile ya Ikrima. Jibu lako ndilo litakaloandikwa.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kutoa kwa moyo mweupe na kurudisha kwa uaminifu. Amin.