Nimelipia, Kwa Hiyo Ni Yangu?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Swali ninalotaka tulijadili ni dogo, na linatukuta mezani. Mtu akishalipa, je, anaruhusiwa kuchukua kiasi chochote anachotaka? Katika mgahawa wa kawaida swali hili halina uzito, kwa sababu unalipia sahani moja na unaletewa sahani moja. Lakini uko mtindo mmoja wa kula unaoliweka wazi, nao ni bufe. Unalipa bei moja mlangoni, kisha unajipakulia mwenyewe mpaka utosheke. Hakuna wa kukupimia. Kipimo unabaki nacho wewe.

Nitatumia mfano niliouona. Likizo iliyopita mimi na Mama tulisafiri kwenda Malaysia kumtembelea kaka yangu, anayesomea shahada ya uzamivu karibu na Kuala Lumpur na anaishi huko na mkewe na watoto wao. Jumamosi moja walitupeleka Melaka, mji wa kale wa bandari, kwa chai ya alasiri ya Kiperanakan. Wenyewe huiita chai, lakini kwa hakika ni mlo kamili.

Peranakan ni neno la Kimalei lililotokana na anak, yaani mtoto. Kwa kawaida linawataja wazao wa wafanyabiashara wa Kichina waliolowea Melaka, Penang na Singapore na kuoa wenyeji. Wanaume wao huitwa Baba na wanawake Nyonya. Jiko lao limechanganya mapishi ya Kichina na viungo vya Kimalei: tui la nazi, ukwaju, pilipili, mchaichai. Kuna laksa, yaani tambi katika mchuzi mzito wa viungo. Kuna vikombe vidogo vya unga vilivyokaangwa na kujazwa mboga. Kuna ondeh-ondeh, vidonge laini vya unga wa mchele vyenye sukari ya mnazi iliyoyeyuka ndani, vilivyoviringishwa kwenye nazi ya kukuna. Rangi yake ya kijani na harufu yake hutoka kwenye jani la mmea wa jamii ya mkadi, ule ule ambao jamaa zake hunukia katika nyumba za pwani yetu.

Wengi wa watu hawa si Waislamu, na nguruwe ana nafasi kubwa katika mapishi yao ya asili. Kwa hiyo kaka alihakikisha kwanza kwamba jiko lina cheti cha halali cha JAKIM, idara ya serikali ya Malaysia inayosimamia mambo ya Uislamu. Wifi naye akaangalia nembo mlangoni kwa macho yake. Walifanya vyema. Lakini nembo ile inazungumzia nyama, mafuta na vyombo vya jikoni. Haisemi lolote kuhusu sahani nitakayoibeba mimi baada ya kupita mlango. Wengi wetu tunauliza sana tukiwa nje, na tukishaingia ndani tunaacha kuuliza.

Bei ilikuwa nafuu, na watoto walilipiwa nusu. Ndiyo maana ukumbi ulifurika. Familia za Kimalei, za Kichina na za Kihindi zilibanana, vigari vya watoto vikiziba njia, kila meza ikiwa na saa moja na nusu tu. Trei ya ondeh-ondeh ilipoletwa, foleni ilisogea kwa kasi. Mbele yetu bwana mmoja akajipakulia vyote vilivyosalia, zaidi ya kumi, akaondoka. Nyuma yake alisimama bibi mmoja mzee na kisahani chake kitupu. Akatazama trei, akatabasamu, akaenda kuchukua chai. Baadaye mhudumu alipita akiondoa sahani ya yule bwana. Zaidi ya nusu ya vidonge vilikuwa bado vipo, akavikwangulia kwenye ndoo ya taka.

Mpwa wangu wa miaka tisa, aliyekuwa amevisubiri vidonge vile, alianza kulalamika, kisha akajijibu mwenyewe: "Lakini Shangazi, si amelipia?"

Kabla sijasema kitu, Mama akamuuliza: "Na yule bibi wa nyuma yake, kaingia bure?"

Naona majibizano hayo mawili yamebeba suala zima. Neno "nimelipia" ni kweli, lakini ni jibu la hesabu moja tu, nasi mezani tunazo hesabu tatu.

Hesabu ya kwanza ni kati yangu na mwenye mgahawa. Wapo waliotilia shaka bufe kwa sababu kiasi cha chakula hakijulikani wakati wa kulipa, na sheria yetu inakataza biashara yenye gharari. Lakini wanazuoni wa zamani walishazungumzia jambo linalofanana nalo. Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria) ameeleza kwamba Waislamu wamekubaliana juu ya kuingia katika hamamu kwa malipo, ingawa watu hawalingani katika maji wanayotumia wala muda wanaokaa. Kutojulikana kwa kiasi hicho ni kudogo, kumezoeleka, na kunasamehewa. Katika zama zetu Sheikh Muhammad ibn Uthaymin (aliyefariki mwaka 2001) aliona kwamba kula mpaka kushiba kwa bei moja kunavumilika. Lakini aliongeza kwamba anayejijua kuwa ni mlaji mno amjulishe mwenye mgahawa, kwa kuwa watu hutofautiana. Zingatia nyongeza hiyo. Hata katika hesabu hii nyepesi, Sheikh hakuridhika na kulipa peke yake. Alitaka pia ukweli kati ya mnunuzi na muuzaji.

Hesabu ya pili ni kati yangu na mlaji mwenzangu, na hii ndiyo tunayoisahau. Jabala ibn Suhaym amesimulia, katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, kwamba walipatwa na mwaka wa njaa wakiwa pamoja na Ibn Zubayr, naye akiwapa tende. Abdullah ibn Umar (R.A.) alikuwa akiwapitia wakila, akiwakataza kula tende mbili kwa mkupuo mmoja, kwa sababu Mtume (S.A.W.) alilikataza jambo hilo, isipokuwa mtu amwombe ruhusa ndugu yake anayekula naye.

Tuitazame hadithi hii vizuri. Tende zile zilikuwa halali. Wote waliokuwa pale walikuwa na haki ya kuzila. Hakuna aliyeiba wala aliyeingia bila kualikwa. Kilichokatazwa ni mwendo wa mkono: kuchukua mbili wakati mwenzako anachukua moja, katika chakula ambacho haki yenu ni sawa. Na ruhusa ya kufanya hivyo haikuwekwa kwa aliyetoa tende. Iliwekwa kwa yule anayekula pembeni yako. Huo ndio msingi wa swali la Mama. Malipo ya yule bwana yalimfikia mwenye mgahawa. Hayakumfikia bibi mzee, naye bibi alikuwa amelipa vile vile.

Mtu anaweza kunijibu kwamba ule ulikuwa mwaka wa njaa, na bufe ni mahali pa wingi. Hoja hiyo si ngeni. Al-Khattabi (aliyefariki mwaka 388 Hijria) aliona kwamba katazo lile lilihusu wakati wa dhiki, na kwamba hali ikishakunjuka hakuna haja tena ya kuomba ruhusa. Nawawi hakuikubali kauli hiyo ichukuliwe kwa jumla, akaleta ufafanuzi. Chakula kikiwa cha ushirika, ni lazima wenzako waridhike. Kikiwa kingi kiasi cha kubaki, hapana ubaya, ingawa adabu njema ni kutokuwa na pupa wakati wote.

Basi bufe iko upande gani? Nionavyo mimi, wingi wa bufe ni wa ukumbi mzima, lakini watu hawali kutoka ukumbi mzima. Wanakula kutoka trei iliyo mbele yao kwa dakika ile. Jikoni huenda kuna mabeseni, ila foleni inagawana vidonge vilivyopo sasa. Kisha linaingia jambo jingine, nalo ni hofu. Kila mmoja anachukua kuliko haja yake akichelea kwamba vitakwisha, na vinakwisha kwa sababu kila mmoja amechelea. Alasiri ile uhaba haukutoka jikoni. Uliletwa na foleni yenyewe, na ushahidi wake ulikuwa ndani ya ndoo ya taka. Watu walioshiba wanaweza kuufanya mwaka wa njaa kati ya saa tisa na saa kumi na moja, wakiwa ndani ya jengo lenye chakula tele. Kwa hiyo katazo la Ibn Umar linatuhusu hata pale tunapodhani tumeneemeka.

Hesabu ya tatu ni kati yangu na Allah (S.W.), aliyeniruzuku. Aya ya 31 ya Surat Al-A'raf imeruhusu kula na kunywa, na papo hapo ikakataza israfu. Mtume (S.A.W.) naye alihimiza sahani isafishwe, kwa kuwa hatujui baraka iko katika sehemu gani ya chakula. Kwenye meza zetu kulikuwa na kibandiko kisemacho kwamba atakayebakisha chakula atatozwa faini. Ni utaratibu mzuri, lakini haufuti israfu. Mwenye uwezo anaweza kuilipa faini hiyo kama anavyolipa nauli, akahisi kwamba sasa ameinunua hata ruhusa ya kumwaga. Hakuna mwenye mgahawa anayeweza kuuza ruhusa hiyo, maana si yake.

Hapa nataka nitahadharishe jambo moja. Isidhaniwe kwamba nawakemea watu wanaokwenda kushiba. Pale Melaka nilimwona wifi, ambaye mwezi mzima hupanga fedha za masomo ya mumewe senti kwa senti, akiwatazama wanawe wakirudi kuchukua laksa mara ya pili bila ya yeye kuhesabu bei kichwani. Bufe ya bei nafuu ni rehema kwa familia kama ile. Kuna mawaidha yanayomwandama maskini kwa sababu alikula sana siku moja, na kumwacha tajiri anayekula hivyo kila siku katika utulivu wa nyumba yake. Sitaki makala hii iwe miongoni mwa mawaidha hayo. Kushiba ni haki ya aliyelipa. Kurudi mara ya tatu ukiwa na njaa ni haki yako pia. Ninachokipinga ni kukusanya: kuchukua sasa kile ambacho tumbo halijakihitaji, kwa sababu tu mkono umekifikia kabla ya mkono wa mwingine.

Tena hatuhitaji kufika Malaysia ili tuyaone haya. Ramadhani inapofika, chama chetu huandaa futari ya pamoja. Tunachanga, wafadhili wanaongeza, kina dada wanapika. Adhana ya Magharibi ikilia, walio karibu na masinia huanza. Walio kwenye maabara au kwenye kipindi kinachomalizika jioni hufika dakika ishirini baadaye, wakakuta kokwa za tende na uji wa chini ya sufuria. Ukiuliza, utajibiwa kwamba kila mtu alichanga. Ni kweli, na aliyechelewa alichanga pia.

Napendekeza mambo matatu, na yote yako mikononi mwetu bila ya kungoja uongozi utunge kanuni. Kwanza, tuchukue kidogo na turudi tena, badala ya kuchukua kingi mara moja. Pili, kabla ya kuchukua cha mwisho, tugeuke tumtazame aliye nyuma, na tumuulize. Tatu, sehemu ya waliochelewa itengwe kabla ya sinia la kwanza kuguswa, si baada ya sisi kutosheka, kwa maana hapo huwa hakuna kilichobaki cha kutenga.

Mambo haya ni mepesi mno kuyasema. Uzito wake unaonekana mtu anapokuwa na njaa, foleni ni ndefu, na trei ina vidonge vinne. Tunamwomba Allah atupe riziki za halali, na atupe mikono inayojua haki ya jirani yake katika riziki hizo. Amin.

Wallahu a'lam.