MBWA WA LANGONI AKIUMA, NANI ATAJIBU?

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake. Amma baad.

Ndugu Waislamu, leo tunasema juu ya mbwa. Usicheke. Wengi wameweka mbwa langoni kwa sababu ya wezi wa usiku, na dini haikukataza mbwa wa ulinzi, wa mifugo wala wa kuwinda. Lakini mbwa huyo anapotoka lupangoni na kumuuma mtoto wa jirani anayeenda kuchota maji, utamsikia mwenye mbwa akisema: "Ni mnyama tu, hana akili." Kweli hana akili. Ndiyo maana anayeulizwa ni wewe.

Kumbuka hukumu ya Mtume (s.a.w.) juu ya ngamia wa Al-Baraa bin Aazib, aliyeingia bustani ya watu akaiharibu. Aliamua kwamba mchana wenye bustani walinde bustani zao, na usiku wenye wanyama wawazuie wanyama wao. Kilichoharibiwa usiku ni juu ya mwenye mnyama. Wanazuoni wakaenda njia hiyo kwa mbwa anayejulikana kwa kuuma: aliyemwachia, analipa. Aliyeingia nyumba ya mtu bila ruhusa, huyo ni jambo lingine.

Na serikali nayo ifanye nini? Tazama Uingereza, ambako polisi wana kazi hiyo tangu sheria ya mwaka 1991. Sheria ile ilikataza aina 4: Pit Bull Terrier, Japanese Tosa, Dogo Argentino na Fila Brasileiro. Mwaka 2023, baada ya watu kuuawa, ikaongezwa XL Bully. Tangu tarehe 1 Februari 2024, katika England na Wales, kumweka bila cheti ni kosa. Mwenye cheti lazima mbwa wake ahasiwe, atiwe alama ya utambulisho chini ya ngozi, alipiwe bima, na barabarani awe kwenye kamba na mdomo umefungwa. Polisi akimwona mbwa wa namna hiyo barabarani anaweza kumchukua. Kuingia nyumbani kumtafuta kunataka kibali cha hakimu.

Hapa kuna jambo zito. Polisi wanamtambua mbwa kwa umbo na vipimo, hawaulizi kama amewahi kuuma. Na ni mwenye mbwa anayetakiwa kuonyesha kwamba wake si wa aina ile. Wako wanaolalamika huko, pamoja na watetezi wa wanyama, wakisema ukali hutoka kwa malezi. Wana haki kwa sehemu: hata mbwa mdogo aliyefundishwa ukali atajeruhi. Lakini mzazi aliyemzika mtoto wake, utamwambia nini juu ya malezi ya mbwa? Mimi naona uzuri wa sheria ile uko kwingine. Tangu mwaka 1997 hakimu si lazima aamuru kila mbwa wa aina hizo auawe. Siku hizi anaangalia kama mbwa ni hatari, na pia kama mtu huyu anafaa kumweka. Na mbwa wa aina yoyote, akiachwa bila kuzuiwa akaua mtu, mwenye kumweka anaweza kufungwa hadi miaka 14.

Usifikiri kwetu Kongo hakuna sheria. Kodi sivil, kitabu cha tatu, dekreti ya 1888, kifungu cha 261, inamfanya mwenye mnyama, au yule anayemtumia, ajibu kwa madhara aliyofanya, awe chini ya ulinzi wake au amepotea, hata akitoroka. Sikia neno hilo: hata akitoroka!

Basi mfunge mbwa mchana, kwa kamba isiyomkaba, na umpe maji na chakula. Unajua habari ya mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Mchanje dhidi ya kichaa cha mbwa. Usiwaache vijana wamchokoze kwa mawe ati awe mkali.

Akiuma mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha umpeleke hospitali siku ile ile kwa chanjo, kwa mfuko wako. Msingoje dalili: kichaa cha mbwa kikishaonekana, karibu hakuna anayepona. Wala usimuue mbwa haraka ili kuficha jambo. Mfunge, kwa maana munganga atataka kujua hali yake kwa siku 10.

Wassalaam alaykum warahmatullah.

(Karatasi hii ina jina la Mwenyezi Mungu, usiitupe chini. Ukimaliza mpe jirani.)