Mtoto Kifuani pa Naomi

SABATO MCHANA

Soma Ruthu 1:1–5 na 4:13–17.

Kitabu cha Ruthu kinaanza na makaburi matatu na kinamalizika na mtoto mchanga. Naomi alimzika mume wake Elimeleki katika nchi ya Moabu, kisha akawazika wanawe wawili, Maloni na Kilioni. Wasomi wengi wa Kiebrania huyahusisha majina ya vijana hao na ugonjwa na kudhoofika. Miaka ikapita, na mwanamke huyo huyo akapewa mjukuu mikononi. Akamweka kifuani pake, akawa mlezi wake. Majirani walifurahi hata wakasema kwamba Naomi ndiye aliyepata mtoto.

Biblia haisemi kama Obedi aliwahi kuugua. Hata hivyo kila aliyelea mtoto anajua kwamba kuna usiku mwili wa mtoto huchemka. Usiku kama huo, je, Naomi angelala? Mama kijana humwona mtoto mmoja anayelia. Bibi aliyekwisha kuzika humwona huyo, na nyuma yake huwaona wengine.

Somo la juma hili linahusu hofu hiyo: inatoka wapi, na inapaswa kumpeleka bibi au babu wapi.

JUMAPILI: Mtu Aliyerudia Ombi Lake

Soma Yohana 4:46–54.

Diwani wa Kapernaumu alikuwa na cheo na watumishi, lakini mtoto alipozidiwa alikwenda mwenyewe. Kutoka Kapernaumu mpaka Kana ni zaidi ya kilomita 20, na njia inapanda, maana Kapernaumu iko chini kando ya ziwa na Kana iko juu kwenye milima ya Galilaya. Alipofika hakuwa na hotuba. Alimwomba Yesu ashuke kabla mtoto hajafa. Yesu akamjibu kwa neno gumu juu ya watu wasioamini mpaka waone ishara. Yule baba hakubishana. Alirudia ombi lile lile, na Yesu hakumkemea kwa kulirudia. Alimwambia aende, mtoto wake yu hai.

Kesho yake watumishi walimweleza kwamba homa ilimwacha mtoto jana yake saa saba. (Msomaji wa Kiswahili ana raha hapa, kwa kuwa Yohana anahesabu saa kama zinavyohesabiwa Afrika Mashariki, tangu kuchomoza kwa jua. Ilikuwa saa saba mchana.)

Katika makanisa mengi bibi akisema, “Naogopa, mtoto huyu hayuko sawa,” huambiwa haraka, “Bibi, wewe amini tu.” Maneno hayo yanaonekana ya kiroho, lakini mara nyingi humnyamazisha mtu pekee nyumbani aliyekwisha kuona jambo. Diwani aliogopa. Hofu yake ilimtoa nyumbani na kumweka njiani kumwendea Yesu. Hakuna mahali katika habari hiyo panapoitwa dhambi.

JUMATATU: Tini juu ya Jipu

Soma 2 Wafalme 20:1–7.

Mungu alikuwa amekwisha kumwahidi Hezekia uponyaji na miaka 15 zaidi. Ahadi ilikuwa imetolewa, tena kwa kinywa cha nabii. Ndipo Isaya akaagiza ulete mkate wa tini, ukawekwa juu ya jipu, mfalme akapona. Kama dawa ingekuwa dalili ya kukosa imani, Isaya angekuwa mtu wa mwisho kuiagiza.

Kwa mtoto ambaye hajafikisha miezi 2, wahudumu wa afya hufundisha dalili zisizongoja asubuhi. Mtoto ameacha kunyonya au ananyonya kwa shida. Mwili una joto la nyuzi 37.5 au zaidi, au umekuwa wa baridi isivyo kawaida. Anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, au kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi. Amelegea, hatikisiki mpaka aguswe. Ana degedege. Viganja na nyayo zimekuwa za manjano. Kitovu kina usaha, au wekundu umesambaa kwenye ngozi inayokizunguka. Moja tu kati ya hizo yatosha kuondoka nyumbani.

Bibi anazijua nyingi za dalili hizi kwa macho, hata kama hajui tarakimu. Shida huja pale anapojua pia mambo mengine aliyorithi: kukata kimeo, kung'oa yale yanayoitwa meno ya plastiki, kupaka dawa utosini. Utosi uliobonyea kwa mtoto anayeharisha ni dalili kwamba maji yamepungua mwilini, na hakuna kinachopakwa juu kinachoweza kuyarudisha ndani. Vidonda vya kimeo na ufizi vimewaingizia watoto wengi maambukizi mabaya kuliko kikohozi au homa iliyowapeleka kwa fundi. Kumheshimu mama aliyekufundisha si lazima kurudia kila alichofanya. Yeye alitumia alichokuwa nacho.

JUMANNE: Usiku wa Kufungua Sabato

Soma 2 Wafalme 4:18–30, Mathayo 12:9–13.

Fikiri juu ya bibi mmoja katika kijiji cha kando ya Ziwa Victoria. Ni shemasi wa kike, amelea watoto saba, na wanawake wa jirani humwuliza yeye kwanza. Ni Ijumaa, jua linazama, familia imekusanyika kufungua Sabato. Mjukuu ana wiki tano. Mkaza mwana anasema kwa sauti ya chini:

“Mama, mtoto hajanyonya tangu saa nane.”

“Watoto wana siku zao, mwanangu. Tuimbe kwanza.”

Wanaimba, wanasoma, wanaomba. Baada ya amina bibi anampakata mtoto na kufunua shuka. Chini ya mbavu kifua kinaingia ndani kila pumzi. Anamwambia mjukuu mkubwa ashike simu yenye saa, naye anahesabu: 72 kwa dakika. Baba wa mtoto yuko Mwanza kazini. Kituo cha afya kiko kilomita 14. Pikipiki italipwa fedha, na Sabato imekwisha kuingia. Kesho asubuhi ndiye mwalimu wa darasa la watoto. Mkaza mwana hawezi kuamua, maana katika nyumba hiyo hajawahi kuachiwa aamue. Anamtazama mama mkwe wake.

“Kaite pikipiki,” bibi anasema.

“Na Sabato, Mama?”

“Yesu alisema habari za kondoo aliyetumbukia shimoni. Huyu ni mtoto. Kaite pikipiki.”

Wanaomba tena, mara hii wakifunga mzigo: kitenge, kadi ya kliniki, akiba ya ada iliyokuwa ndani ya kopo. Mtoto anawekwa kifuani pa mama yake, ngozi kwa ngozi, wote wamefunikwa. Kama mtoto huyo alipona au hakupona, uamuzi ule ulikuwa sahihi saa ile ile ulipofanywa. Kilichokuwa cha kusikitisha ni nusu saa ya nyuma, pale mama wa mtoto aliposema na hakusikilizwa.

Mume wa mwanamke wa Shunami naye alikuwa na swali la kalenda. Mkewe alipoomba punda, yeye alishangaa: kwa nini aende kwa mtu wa Mungu siku ile, nayo si mwezi mpya wala Sabato? Kwake kulikuwa na siku za kumtafuta Mungu na siku zisizo zake. Mama yule hakukaa kueleza. Alimwamuru mtumishi asimpunguzie mwendo. Alipofika Karmeli na kuishika miguu ya Elisha, Gehazi alitaka kumwondoa, labda kwa ajili ya adabu. Elisha akamzuia. Aliiona nafsi yenye uchungu, na alikiri kwamba Bwana alikuwa amemficha jambo lile. Hata nabii hakujua. Ni vema viongozi wa kanisa walikumbuke hilo kabla ya kumweleza bibi sababu ya mjukuu wake kuugua.

Kanisa lenye Dorkasi hai linaweza pia kutafuta jawabu la swali dogo zaidi: nauli ya usiku inatoka wapi? Bibi wa mfano huu alikuwa na kopo. Wengine hawana.

JUMATANO: Mathayo Alitenganisha

Soma Mathayo 4:24.

Mathayo anapoorodhesha wagonjwa walioletwa kwa Yesu anawataja wenye pepo, kisha wenye kifafa, kisha wenye kupooza, kila kundi peke yake. Mwandishi wa Injili hakuona kila mtetemeko kuwa pepo. Katika sehemu za pwani ya Tanzania na kwingineko, watu wamefundishana kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano atakufa, hivyo hupelekwa kwanza kwa mganga. Degedege la mtoto mara nyingi hutokana na homa kali, na malaria ni mojawapo ya vyanzo vyake vikubwa. Mtoto anayefikishwa kwa daktari saa kadhaa baadaye huwa amechelewa, na akifa, sindano ndiyo hulaumiwa. Hivyo ndivyo imani hiyo inavyojilisha.

Na hirizi ya kiunoni? Bibi Mwadventista anajua jibu. Ugumu ni kwamba saa nane za usiku majirani hulileta tena swali hilo.

ALHAMISI: Daudi Anaoga na Kula

Soma 2 Samweli 12:15–23, Yeremia 31:15–17.

Daudi alifunga na kulala chini siku saba, mtoto akafa. Watumishi waliogopa kumwambia. Yeye akaoga, akabadili mavazi, akaingia nyumbani mwa Bwana, akala. Alipoulizwa, alisema kwamba mtoto hatamrudia. Jambo hili lisigeuzwe kanuni kwamba kila mtoto anayekufa amekufa kwa dhambi ya mtu wa nyumbani. Nathani alitumwa kwa Daudi. Hakutumwa kwa bibi wa jirani.

Ellen G. White alijifungua mwana wake wa nne, John Herbert, tarehe 20 Septemba 1860, siku chache kabla ya ndugu waliokutana Battle Creek kuchagua jina la Waadventista wa Sabato. Mtoto akaugua. Mama yake alikesha naye, akaomba, na tarehe 14 Desemba mtoto akafa, hajafikisha miezi mitatu. Miaka mitatu baadaye akamzika Henry, mzaliwa wake wa kwanza, mwenye umri wa miaka 16, kwa nimonia. Mwaka 1866 kanisa lilifungua taasisi yake ya kwanza ya afya huko Battle Creek. Aliyewahimiza Waadventista kujenga mahali pa kutibia alikuwa ameomba kando ya vitanda viwili na kutoka na majeneza mawili.

Yeremia anamleta Raheli, bibi wa vizazi vingi, akiwalilia watoto wake na kukataa kufarijiwa. Bwana hamwambii kwamba hakuna cha kulilia. Anamwambia kwamba watoto watarudi kutoka nchi ya adui. Waadventista huisoma ahadi hiyo wakitazama asubuhi ya ufufuo, na bibi anayezuru kaburi dogo nyuma ya nyumba ana haki ya kuisoma hivyo, hata akiwa bado analia.

IJUMAA: Kwa Mazungumzo Darasani

Katika nyumba yako, ni nani anayeamua kwamba mtoto apelekwe hospitali? Mama wa mtoto akisema kwanza, nani humsikia?

Babu hutajwa mara chache katika mambo haya. Ni kazi gani aliyo nayo usiku mtoto anapozidiwa, mbali na kutoa nauli?

Kuna bibi katika kanisa lako aliyezika mjukuu mwaka huu. Tangu siku ya mazishi, ni nani amekaa naye na kumwacha azungumze?