Kamba ya Akili

Barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi ikishaipita Mariakani, minazi inakwisha na vichaka vikavu vinaanza. Samburu iko hapo, takriban kilomita 60 kutoka Mombasa: maduka kando ya lami, malori yaliyoegeshwa, reli ya kale, mbuzi wanaovuka barabara kana kwamba wao ndio walioilipia. Kiserikali ni Kwale, ila Diani ya watalii na Msambweni yenye hospitali ya rufaa ya kaunti ziko mbali, upande wa bahari. Wenyeji wengi ni Waduruma. Kuna Waislamu, kuna Wakristo, kuna wanaoshika mila, na si ajabu wote watatu kukaa boma moja.

Tuseme katika zahanati mojawapo ya pande hizo kuna muuguzi. Ana miaka 48, na 23 kati ya hiyo ameimaliza kazini. Amezalisha, amechanja, amefunga vidonda, amehesabu vidonge vya kifua kikuu. Asubuhi moja analetewa kijana kwa bodaboda, amebanwa katikati ya dereva na mjomba wake, mikono imefungwa kamba ya katani. Hajalala siku nne. Kwenye vifundo vya mikono ngozi imechubuka mpaka nyama inaonekana. Muuguzi anafungua kamba, anaosha, anapaka dawa, anazungusha bendeji. Kazi safi. Kisha anabaki amekaa na ile kamba mkononi. Kidonda cha kamba anakijua. Kilicholeta kamba hakijui.

Muuguzi huyu ni wa kuwaziwa. Kamba si ya kuwaziwa. Mwaka 2020 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watu wenye maradhi ya akili wanaofungwa minyororo duniani, na Kenya ilikuwemo katika nchi zipatazo 60 zilizotajwa. Wanaofunga si watu wakatili. Mara nyingi ni mama mzazi ambaye usiku wa jana mwanawe alikimbilia barabarani mbele ya malori.

Hapo ndipo muuguzi anapoanza kufikiria kurudi darasani, na hapo ndipo maswali yanapomwandama. La kwanza ni la watu: kwa umri huo? La pili ni zito zaidi, na huulizwa kwa sauti ya chini: kwani haya ni mambo ya hospitali?

Lugha yenyewe imeshalijibu swali hilo kabla ya mgonjwa hajafika. Wazimu ni ndugu wa mzimu. Majnuni wa Waarabu ametokana na jini. Degedege la watoto limebeba jina la ndege, kwa sababu wazee walisema kuna ndege mbaya anayepita usiku juu ya nyumba yenye mtoto mchanga. Na kifafa ni kufa kidogo kidogo. Mtu anayesema maneno haya kila siku ameshameza maelezo ya ugonjwa pamoja na jina lake. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, walioweka kituo Kilifi mwaka 1989 wametumia miaka mingi wakifuatilia degedege, malaria ya ubongo na kifafa kwenye vijiji vya pwani hii hii, na sehemu kubwa ya kazi imekuwa kueleza upya kitu ambacho tayari kina jina.

Lakini kuna neno moja linalovuta upande mwingine, nalo ni akili. Limetoka Kiarabu, na mzizi wake huko ni kufunga. Kamba anayofungwa ngamia gotini ili asipotee usiku inatokana na mzizi huo huo, na kile kipete cheusi ambacho Waarabu wa Ghuba huvaa juu ya kitambaa cha kichwa ni jamaa yake. Kwa hiyo mwenye akili, kwa asili ya neno, ni mtu aliyefungwa kwa ndani. Kamba hiyo ikikatika, jamaa zake wanakwenda kutafuta ya katani.

Waislamu wanakijua kisa cha Bedui aliyemuuliza Mtume kama amwache ngamia wake huru na kumtegemea Mungu, au amfunge. Akaambiwa amfunge, kisha ategemee. Kisa hiki kimehubiriwa mno hata kimechakaa, lakini ni wachache wanaotaja kwamba kitenzi kilichotumika katika Kiarabu, mfunge, ni cha mzizi wa akili. Anayesema kwamba kumpeleka mgonjwa kliniki ni upungufu wa imani angetafakari hapo. Kutegemea kumewekwa baada ya kamba, na hakuna aliyemwambia Bedui asimame tu aombe dua huku ngamia anatokomea.

Kuna fundisho jingine, nalo ndilo linalogusa uuguzi hasa. Katika sheria ya Kiislamu kalamu ya kuandika madhambi imeinuliwa kwa watu watatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na aliyepotewa na akili mpaka zimrudie. Wengi huisoma kama msamaha na kuishia hapo. Lakini tazama wamewekwa pamoja na nani. Aliyelala hulindiwa nyumba. Mtoto hulishwa na kuogeshwa. Hakuna hata mmoja kati ya hao watatu anayeachwa peke yake kwa sababu kalamu imemwondokea. Jukumu lake limehamia kwa waliomzunguka. Na kila mmoja ana mpaka wake. Usingizi una asubuhi na utoto una mwisho. Mwenye kichaa naye kahesabiwa katika hali zinazoweza kwisha, jambo ambalo kijiji kikishampa mtu jina la kichaa hulisahau upesi.

Wakristo wa Samburu nao wana mnyororo wao. Katika Injili ya Marko yuko mtu aliyekaa makaburini, ambaye watu walimfunga pingu na minyororo mara nyingi na kila mara akaikata. Wahubiri hukimbilia nguruwe waliotumbukia ziwani, maana hapo pana kishindo. Kilicho kizuri ni kile kinachofuata: watu wa mji wanakuja wanamkuta ameketi, amevaa nguo, ana akili zake, nao wanaogopa. Walikuwa wamemzoea akiwa amefungwa. Kila anayefuatilia wagonjwa majumbani hukumbana na woga wa namna hiyo. Mgonjwa amepata nafuu, anataka kurudi kibandani kwake kuuza mahindi, na hakuna anayenunua.

Je, dini basi inafunga mlango wa pepo? Haifungi, na muuguzi mwenye busara hajaribu kuufunga. Huku Kwale mgonjwa karibu daima ameshapita kwingine kabla ya kufika zahanati. Ameangaliwa kwa mburuga. Amechezewa ngoma, na pepo, awe wa Kiarabu au wa Kimasai, ametaja anachotaka. Amenyweshwa kombe, ile aya iliyoandikwa kwa zafarani kwenye sahani ikaoshwa kwa maji ya waridi. Ameombewa mkesha mzima. Kijana wa miaka 22 aliyetoka chuoni jana na cheti chake hukasirika: mmemchelewesha! Hasira hiyo ni ya haki, lakini haitibu mtu.

Mwandishi huyu anaona kuwa hapo ndipo umri unapolipa. Muuguzi aliyemzalisha mama wa mgonjwa haambiwi uongo kirahisi. Anajua mganga gani hupiga wagonjwa kwa fimbo na yupi hupiga ngoma tu. Kombe halimdhuru mtu. Fimbo, moshi wa kuziba pumzi na kufungishwa bila chakula vinadhuru. Anaweza kukaa na ustadhi au mchungaji wakakubaliana juu ya jambo moja dogo, kwamba dua iendelee na vidonge visiachwe. Hii si ndoto ya mtu mmoja. Katika kaunti ya Makueni, taasisi ya Profesa David Ndetei iliwafundisha waganga wa jadi na viongozi wa dini kutambua maradhi ya akili na kuwapeleka wagonjwa kituoni.

Linabaki swali la ukweli. Mama anauliza, “Daktari, hii sindano itamtoa pepo?” (Mashambani kila mwenye koti jeupe ni daktari.) Kusema ndiyo ni rahisi, na mama atarudi kliniki. Kusema pepo hayupo ni kumtukana yeye na mama yake mzaa mama. Jibu la mtu mzima lipo katikati, na halina uongo: “Mama, ya pepo mimi siyajui. Nijualo ni kuwa usiku atalala, na akishalala siku mbili tatu mutaweza kuzungumza naye.” Kusema siyajui kunahitaji miaka mingi kazini. Mgeni wa kazi anaogopa kuonekana hajui.

Kuitibu nafsi si jambo geni pia kwa wanazuoni wa Kiislamu. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kizima juu ya maslahi ya miili na ya nafsi, akieleza kwamba nafsi huugua kama mwili unavyougua na hutibiwa kwa njia zake, huku akiwalaumu matabibu wa zama zake kwa kushughulikia mwili peke yake. Zaidi ya miaka elfu moja baadaye, lawama hiyo bado ingemkuta mtu kwenye zahanati nyingi.

Na aliyefungua minyororo mashuhuri kuliko yote hakuwa daktari. Jean-Baptiste Pussin alikuwa mtengeneza ngozi aliyeingia hospitali ya Bicêtre, karibu na Paris, kama mgonjwa wa uvimbe wa tezi za shingo. Alipopona akabaki pale akifanya kazi, mpaka akawa msimamizi wa wodi ya wenye wazimu, mkewe Marguerite akimsaidia. Mwaka 1797 aliondoa minyororo ya chuma. Sifa alipewa daktari Philippe Pinel, na picha zikachorwa za Pinel, ingawa Pinel mwenyewe aliandika kuwa kazi ile ilikuwa ya Pussin. Wauguzi watakielewa kisa hiki bila kuelezwa.

Mfano wa pili wa aliyeingia bila kuisomea fani hii uko karibu, na ni mchungu. Hospitali ya Mathari ya Nairobi ilianza mwaka 1910 kama nyumba ya kufungia wenye wazimu. Mwaka 1938 ilikabidhiwa J. C. Carothers, daktari wa kawaida asiyekuwa na mafunzo ya maradhi ya akili. Aliikalia miaka 12, na mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, ambamo alimfananisha Mwafrika mzima wa afya na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Kusoma ukubwani pekee, basi, si dawa. Carothers naye alikwenda kujisomea fani hiyo baadaye, akarudi na nadharia mbovu kuliko ujinga alioanza nao. Miaka 12 kati ya wagonjwa, na hakuwasikia.

Kwa wanaotaka kujua njia yenyewe ya masomo: Marekani, muuguzi Loretta Ford na daktari Henry Silver walianzisha mafunzo ya muuguzi mtabibu huko Colorado mwaka 1965, na kabla yao Hildegard Peplau alikuwa ameshaanza kufundisha wauguzi bingwa wa akili katika Chuo Kikuu cha Rutgers. Leo Wakenya wengi walio wauguzi huko hurudi darasani wakiwa na watoto wa sekondari, ili wapate cheo cha kupima na kuandika dawa. Uganda imekuwa na watabibu wa akili wasio madaktari kwa miaka mingi. Nchini Kenya cheo cha muuguzi mtabibu bado hakijazoeleka. Kilichopo ni stashahada ya juu ya uuguzi wa afya ya akili, ambayo chuo cha mafunzo ya tiba, KMTC, humpa muuguzi aliyekwisha kusajiliwa. Kamati ya serikali kuhusu afya ya akili, chini ya Dkt. Frank Njenga, ilipotoa ripoti yake mwaka 2020, nchi ya watu milioni 47 ilikuwa na madaktari bingwa wa akili wapatao mia moja tu. Hesabu hiyo haiwezi kufika Samburu. Muuguzi anaweza.

Sheria nayo imesogea. Ile ya afya ya akili ya mwaka 1989 ilirekebishwa mwaka 2022. Na mpaka Januari 2025, Mahakama Kuu ilipotamka kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba, aliyenusurika baada ya kunywa sumu alikuwa mshukiwa wa jinai. Kalamu ambayo dini ilikuwa imeinua, polisi walikuwa wakiishika.

Liko jambo la mwisho ambalo Kwale na Kilifi zinalijua kwa uchungu: wazee wanaouawa kwa tuhuma za uchawi. Mara nyingi nyuma ya tuhuma pana shamba. Lakini pana pia ajuza anayesahau njia ya kwake, anayekutwa usiku uani kwa jirani akizungumza peke yake. Kaya Godoma, huko Kilifi, imekuwa kimbilio la wazee waliotuhumiwa. Muuguzi anayeweza kusimama barazani mbele ya vijana wenye hasira na kusema, “Bibi huyu anaumwa, namtibu mimi,” hafanyi kazi ya maabara. Anatoa ushahidi, na ushahidi huo unapokewa kwa sababu wanamjua tangu walipokuwa wakichanjwa mgongoni mwa mama zao.

Basi wewe unayekaa kwenye meza ya kupitisha likizo za masomo, ukikuta fomu ya muuguzi wa miaka 48 anayeomba kwenda kusomea maradhi ya akili, usiisukume chini ya rundo eti kwamba amebakiza miaka 12 astaafu. Kwa mgonjwa mmoja anayedungwa sindano kila mwezi, miaka 12 ni sindano 144.