Musa, baba mkwe wake, na wewe uliyepewa usimamizi kazini



Wapendwa vijana, leo naongea na wewe uliyepewa kusimamia wenzako kazini. Labda ni dukani Katesh, labda wodini Haydom, labda kwenye mashamba ya ngano kule Basotu. Juzi mlikuwa mnagawana maandazi, leo wanakuita bosi. Na kati ya hao unaowapangia zamu, wapo ambao kila asubuhi unaanza kwa kuwapa shikamoo. Utawaongozaje bila kuwavunjia heshima, na bila kazi kuharibika?

Tufungue Kutoka sura ya 18. Musa amekaa kuwaamua watu, nao wamesimama kumzunguka tangu asubuhi hadi jioni. Kesi ya mbuzi, kesi ya hema, kesi ya wake wenza, zote kwake. Yethro, baba mkwe wake, amekuja kumtembelea, anatazama. Angeweza kumsifu mkwe wake kwa uchapakazi. Badala yake anamwambia wazi kwamba hilo jambo si jema: atachoka yeye, na watu nao watachoka.

Hapo pa watu kuchoka ndipo tunaporuka haraka. Tunadhani msimamizi anayeshika kila kitu anajiumiza mwenyewe tu. Hapana. Anawachosha na wale waliosimama kwenye foleni wakisubiri neno lake. Yaani mtu ana akili, ana uzoefu wa miaka, lakini hawezi hata kubadilisha zamu mpaka bosi apokee simu. Polepole anaacha kufikiri. Anasema, "Mimi natumwa tu." Ukisikia maneno hayo kwenye timu yako, ujue kuna kitu umechukua ambacho si chako.

Kanisa lina jina la jambo hili: kanuni auni. Papa Pio wa XI aliieleza katika waraka wake wa Quadragesimo Anno mwaka 1931. Kwa maneno mepesi, kile ambacho mtu au kikundi kidogo kinaweza kufanya chenyewe, mkubwa asikichukue. Kazi ya mkubwa ni kusaidia pale wadogo wanapozidiwa.

Sisi wa Manyara tumeliona hili kwa machozi. Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo vilishuka kutoka mlima Hanang, vikafunika sehemu za Katesh na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walifariki. Rais Samia alikuwa Dubai kwenye mkutano wa tabianchi. Akakatisha safari, baadaye akafika Katesh. Lakini saa ile ya kwanza aliyekuwa karibu ni jirani, na jirani hakungoja kibali ili amvute mtu kwenye tope. Kisha vikaja vikosi na mitambo, vitu ambavyo jirani hana. Kila ngazi ilikuwa na sehemu yake. Tuendelee kuwaombea marehemu wetu.

Sasa turudi kazini. Mimi nasimamia watu saba kwenye ghala la vitunguu saumu huku Mbulu. Tunapokea, tunachambua, tunapima, tunafunga, gari linapakia kwenda Arusha. Kitunguu kikifungwa kabla hakijakauka, kinaota ukungu humo humo kwenye gunia, na hasara inakuja. Kati ya hao saba yupo mama mmoja ambaye akishika kichwa cha kitunguu saumu, akakiminya shingoni kwa vidole viwili, anajua. Basi tulikubaliana mbele ya wote: kama mzigo umekauka au la, mwenye neno ni yeye.

Siku moja akaja mzee ambaye tunasali naye jumuiya moja. Mama akaangalia magunia yake, akasema bado. Mzee akanijia mimi: "Mwanangu, hebu niangalizie." Unajua uzito wa hilo neno mwanangu. Nikamjibu, "Baba, naomba unisamehe, hapo mwenye neno ni mama." Tukatandika turubai, nikasaidiana naye kumwaga na kuanika. Gari liliondoka pungufu, na mwenye mali aliponipigia simu akiwa mkali, nilimwambia uamuzi ni wa ghala na mimi ndiye wa kuulizwa. Jina la mama sikulitaja. Mzee alinisalimia kwa ubaridi karibu mwezi mzima. Iliniuma, lakini kama ningempitisha, kuanzia siku hiyo yule mama angekuwa na cheo cha mdomoni tu.

Kwa hiyo, ukisoma vizuri ushauri wa Yethro, una hatua, na hatua hizo zina mpangilio wake.

Kwanza, fundisha. Musa anaambiwa awafundishe watu sheria na njia ya kufuata kabla ya kumpa yeyote madaraka. Usimwachie mtu kazi ambayo hujamwonyesha, halafu ukaja kumgombeza. Huko ni kumtega.

Pili, chagua vizuri. Yethro anataka watu hodari, wenye kumcha Mungu, waaminifu, wanaochukia rushwa. Hasemi rafiki zako, wala hasemi wale wasiolalamika. Sisi tunapenda ule msemo wa mzigo mzito mpe Mnyamwezi: yule mpole tunamrundikia kila kitu, mbishi tunamwacha apumzike. Hiyo ni dhuluma, hata kama inafanyika kwa tabasamu.

Tatu, waachie kweli. Mambo madogo waamue wao, makubwa yaje kwako. Na wakiamua, simama nao. Sifa ikija, taja majina yao. Lawama ikija kutoka juu, ianze kwako. Kama mtu amekosea, mrekebishe pembeni, hasa akiwa amekuzidi umri: salamu kwanza, kisha jambo lenyewe bila kuzunguka. Heshima haizuii ukweli; inaufungulia mlango.

Najua utaniambia, "Wakiharibu je?" Wataharibu mara moja moja. Lakini tazama Bwana wetu. Aliwatuma wale Kumi na Wawili wakiwa bado hawajakomaa, na bado walikuwa wanagombania viti vya mbele. Katika Marko 10 anawaambia kwamba wakuu wa mataifa huwakandamiza watu, lakini kwao isiwe hivyo. Anayetaka kuwa mkubwa awe mtumishi. Alijua udhaifu wao, na bado akaweka kazi yake mikononi mwao.

Wiki hii fanya jambo moja tu. Chukua karatasi, andika maamuzi yote yaliyopita kwako leo. Mbele ya kila moja andika jina la mtu ambaye angeweza kuliamua kama angefundishwa. Chagua moja, mfundishe, mwachie, na uwaambie wenzake. Kisha jioni, kabla ya kulala, taja majina yao wote mbele za Mungu, mmoja mmoja. Ni vigumu kumdharau mtu unayemwombea kila siku.

Tusali: Ee Bwana, uliyewaosha miguu mitume wako, utupe moyo wa kusikiliza kama Musa alivyomsikiliza Yethro. Utuondolee hofu inayotufanya tushike kila kitu. Utufundishe kuwaamini wale uliotukabidhi, na kubeba lawama pamoja nao. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.