Mkono wa Mtoto na Kiumbe Mdogo

Kifaranga wa siku mbili akitiwa katika kiganja cha mtoto wa miaka mitatu huwa katika hatari kubwa kuliko ile ya mwewe. Mwewe huonekana angani, na mama kuku hutoa sauti vifaranga wakakimbilia chini ya mbawa zake. Lakini mkono wa mtoto huja na mapenzi, na mapenzi hayapigiwi kelele. Mtoto humbana kifaranga ili asianguke, humbana tena ili asitoroke, kisha humbana zaidi kwa kuwa ni laini na ana joto. Kifaranga hulia mara mbili tatu, halafu hunyamaza. Mtoto hufurahi kuwa rafiki yake ametulia. Mtu mzima ndiye anayejua kwamba hakutulia, amekufa.

Jambo hili limetukia katika nyumba zisizohesabika, za pwani na za bara. Aghalabu mzoga hutupwa, mtoto hufokewa au hubembelezwa kwa ahadi ya kifaranga mwingine, na siku hupita. Walakini swali hubaki: lawama ni ya nani? Haiwezi kuwa ya mtoto, maana hakujua kwamba kupenda na kubana ni mambo mawili. Kifaranga hakushauriwa. Aliyechagua ni mkubwa, ambaye aliona kiumbe mdogo na mtu mdogo akadhani wanafaana.

Mzazi anayeazimia kumpatia mtoto mnyama wa nyumbani huwa na maswali yake tayari. Huuliza bei. Huuliza mnyama anakula nini, ananuka kiasi gani, na atalala wapi. Maswali hayo ni ya haki, na asiyeyauliza hujuta. Lakini karibu kila mwulizaji huanza na sharti moja ambalo halichunguzi: mnyama awe mdogo. Udogo huhesabiwa kuwa dhamana ya usalama, na kwa upande wa mtoto ni kweli kwa kiasi, maana kiumbe mdogo hana meno ya kutisha. Kwa upande wa mnyama udogo ni msiba. Kadiri alivyo mdogo ndivyo mifupa yake ilivyo myepesi, na ndivyo anavyoelemewa na mkono usiojua bado kupima nguvu zake. Ng'ombe aliyevutwa mkia na mtoto hageuki hata kutazama.

Wanafalsafa wa Ulaya walilitazama jambo hili zamani. John Locke, katika kitabu chake cha malezi kilichotoka mwaka 1693, alionya kwamba watoto wanaotesa ndege na wadudu hujizoeza ugumu wa moyo ambao baadaye huwageukia watu. Akamsifu mama mmoja aliyewaruhusu binti zake kufuga mbwa, ndege na kuchakuro kwa sharti la kuwatunza barabara, na uzembe katika utunzaji huo ulihesabiwa kosa kubwa. Mwaka 1751 mchoraji William Hogarth alitoa picha nne za safari ya ukatili: ya kwanza inaonyesha kijana akimtesa mbwa, na baada yake mauaji ya mtu. Immanuel Kant alizitaja picha hizo alipokuwa akiwafundisha wanafunzi wake, akasema kuwa binadamu hana wajibu kwa mnyama mwenyewe. Wajibu wake ni kwa wanadamu wenziwe, na upole kwa wanyama ni mazoezi ya wajibu huo.

Fikira hizo zina faida, na yamkini zimewaepusha wanyama wengi na mateso. Hata hivyo zina kasoro. Ndani yake mnyama ni ubao wa shule: mtoto huandika makosa yake juu yake, hufuta, huandika tena, hata mwandiko ukanyooka. Ubao hauumii. Jeremy Bentham, katika kitabu kilichotolewa mwaka 1789, aliuweka uwezo wa kupata maumivu, badala ya akili au usemi, kuwa ndio kipimo cha kuingizwa katika hesabu ya haki. Kipimo hicho kikikubaliwa, basi mnyama aliyewekwa mbele ya mtoto mdogo ni mwalimu anayeumizwa ili mwanafunzi ajifunze. Ikiwa hapana budi kumpa kazi hiyo, insafu inataka apewe angalau uwezo wa kulisimamisha somo.

Kiswahili hakina neno moja la mnyama wa namna hii. Kina kitenzi kufuga, ambacho hukusanya pamoja paka, mbuzi, njiwa, na hata ndevu. Lakini katika habari ya mchezo lugha imepambanua vizuri. Mtoto hucheza na mwenziwe, humchezea mwanasesere. Katika neno la kwanza wamo wawili, na kila mmoja ana zamu yake na ruhusa ya kusema kuwa amechoka. Katika neno la pili yumo mmoja tu, na cha pili ni chombo. Ndiyo maana neno kuchezea likihamishwa kwa watu huwa zito: mtu aliyechezewa ni mtu aliyedharauliwa, na mtu mzima anapomwambia mwingine asimchezee hakusudii mchezo. Basi swali la kumchagulia mtoto mnyama laweza kuwekwa hivi: ni mnyama gani mtoto huyu ataweza kucheza naye, na ni yupi ambaye hatakuwa na la kufanya ila kuchezewa?

Sungura ni mfano wa kutazamwa kwa makini, kwa sababu hupendwa mno na wazazi. Ana manyoya laini, halii usiku, hula majani. Lakini sungura ni mnyama anayewindwa, na maumbile yake yote yamejengwa juu ya jambo hilo. Macho yake yamewekwa pembeni mwa kichwa ili aone karibu pande zote. Anayemnyanyua kutoka ardhini hufanya lile ambalo kwake hufanywa na ndege mla nyama. Akipiga teke kwa miguu yake ya nyuma yenye nguvu huku ameshikwa vibaya, aweza kujivunja uti wa mgongo mwenyewe. Na kama hakupiga teke, aghalabu huganda. Hana sauti ya kawaida ya kulalamika; kilio chake cha ukali husikika pale tu hofu au maumivu yanapopita kiasi. Hata akiugua hujificha, kwa kuwa porini mgonjwa anayejulikana ndiye wa kwanza kuliwa.

Mtoto wa miaka minne aliyempakata sungura aliyeganda husema, "Ananipenda, ametulia." Mzazi humsikia, hutabasamu, na pengine humpiga picha. Hapo somo limekwisha kufundishwa, nalo ni somo baya kuliko kuvutwa mkia au manyoya. Mtoto amefundishwa kuwa asiyekataa amekubali. Wapo watu wazima wengi waliojengea maisha yao juu ya kosa hilo, nyumbani na kazini: mume ambaye hajapata kumsikia mkewe akilalamika, bwana ambaye mtumishi wake hasemi neno. Haidaiwi kwamba walijifunza kwa sungura. Inadaiwa tu kwamba kosa ni lile lile, na kwamba kuna umri ambao ni rahisi kulizuia. Samaki hukunjwa angali mbichi.

Simbilisi ni afadhali kidogo, maana yeye ana sauti, na hupiga kelele kali akiwa na njaa au hofu. Asili yake ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini, ambako watu walianza kumfuga kwa ajili ya nyama maelfu ya miaka iliyopita. Mwili wake, kama ule wa mwanadamu, hauwezi kujitengenezea vitamini C, kwa hiyo asipopewa majani mabichi kila siku huugua. Hupenda kuishi na wenziwe. Nchini Uswisi kanuni za mwaka 2008 zinakataza wanyama wa jamii kama yeye kufugwa mmoja peke yake. Kwa hiyo mzazi anayesema atanunua mmoja tu kwanza, aone, amekwisha kukosea kabla hajalipa.

Kobe na kasuku havihitaji maneno mengi. Mwaka 1919 kisiwa cha Changuu, karibu na mji wa Unguja, kilipokea kobe wakubwa wanne kutoka Ushelisheli, na kobe wa jinsi hiyo huweza kuishi zaidi ya miaka 100. Mtoto anayepewa kobe hupewa mali ya kuwarithisha wajukuu. Hata kasa wadogo wa majini wana hatari yao: Marekani ilipiga marufuku mwaka 1975 kuuza wenye gamba lisilofika inchi 4, baada ya watoto wengi kuambukizwa vijidudu vya salmonela kutokana nao. Kasuku wa kijivu hufika miaka 40 na zaidi, ana akili ya kuudhika na kuchoka, na tangu mkutano wa Johannesburg wa mwaka 2016 mkataba wa kimataifa umezuia biashara ya walionaswa mwituni. Anayemtia ndege wa namna hiyo katika tundu ili mtoto acheke hana budi kujiuliza nani atacheka mwaka wa kumi.

Wamebaki wawili ambao watu wa pwani wanawajua bila kufundishwa. Paka wa Lamu na wa Mji Mkongwe hupita barazani, hukaa penye samaki, huingia nyumba hii akatokea ile. Mtoto akimgusa asipopenda, kwanza hupigapiga mkia, kisha hulaza masikio, kisha huondoka, na akizuiwa hutoa kucha. Huo ni ufasaha mkubwa. Mtoto aliyekwaruzwa mara moja hujua kusoma mkia kabla hajajua kusoma herufi. Naye paka akirudi jioni akajilaza karibu na mguu wa mtoto huyo huyo, mtoto hupata kitu ambacho sungura aliyefungiwa bandani hawezi kumpa: hupata kuchaguliwa.

Njiwa ni kinyume cha yule kifaranga wa mwanzo. Banda lake huwa wazi. Huruka asubuhi, hurudi kwa kuwa ameamua kurudi. Dume na jike hupokezana kuatamia mayai yao mawili kwa muda wa siku 18 hivi, na wote wawili huwalisha makinda. Haya mtoto huyaona bila kugusa chochote. Akitaka kugusa, njia ni moja: akae chini, anyoshe mkono wenye mtama, na asiufumbe. Mkono ukifumba, njiwa hayupo.

Itasemwa kuwa huku ni kumpendelea mnyama na kumtoa mtoto mhanga kwa kucha za paka. Shaka hiyo ina uzito na haifai kudharauliwa. Kichaa cha mbwa hakina mzaha: Shirika la Afya Duniani limeeleza kuwa kati ya watu 100 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa, 40 hivi ni watoto wa chini ya miaka 15. Paka na mbwa wa nyumbani wachanjwe, na mtoto aliyeumwa au kukwaruzwa aoshwe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha apelekwe hospitali bila kungojea. Vifaranga nao huchukua salmonela, na waganga hushauri watoto wa chini ya miaka mitano wasiwashikeshike. Mtoto asiachwe peke yake na mnyama ye yote. Lakini maneno hayo yote yanamhusu mkubwa, na ndiko mashaka ya jambo hili yaliko. Wazazi wengi hununua mnyama ili mtoto ajifunze wajibu, kisha wajibu wakamwachia. Sungura aweza kuishi miaka 8 au 10. Aliyempokea akiwa na miaka minne atakuwa kijana wa 14, mwenye mambo mengine moyoni. Mama wa Locke asingeweza kuwahesabia binti zake kosa kama yeye mwenyewe asingeangalia kama maji yapo. Asiye tayari kuangalia maji asimfugie mtoto hata samaki.

Ama kuhusu kufa, wanyama wadogo hufa, hata wakitunzwa vizuri. Katika Madina ya karne ya 7 mtoto mmoja, Abu Umayr, nduguye Anas bin Malik kwa mama, alikuwa na ndege mdogo aliyecheza naye, na ndege huyo akafa. Imepokewa kwamba Mtume Muhammad alipoizuru nyumba yao alimwuliza mtoto, kwa maneno ya upole yaliyotiwa vina na jina lake, habari za ndege wake. Hadithi hiyo ni fupi mno, lakini mwanachuoni Ibn al-Qass, wa karne ya 4 ya Hijria, aliitungia risala akatoa ndani yake mafunzo yapatayo 60. Wanavyuoni waliotoa humo ruhusa ya mtoto kucheza na ndege waliifunga kwa sharti kuwa ndege asiteswe. Aliyekuwa na shughuli za umma mzima hakuona kuwa ndege ni kitu kidogo cha kuulizia, wala hakumwambia mtoto kuwa atapata mwingine.

Mzazi wa yule mtoto wa miaka mitatu naye aweza kuiacha ile ahadi ya kifaranga mwingine. Aweza kuchimba naye shimo dogo chini ya mwembe. Mtoto atauliza kama kifaranga ataamka kesho, na ataambiwa hapana. Baadaye, akitaka tena kuwa karibu na vifaranga, ataketishwa mkekani, mkubwa ubavuni pake na maji ya kunawa tayari, chenga za mchele katika kiganja kilicho wazi, naye atangoja aone kama kuna atakayekuja.